Sondu bado ina majeraha

Kwa Mhariri,

Mapigano ya mwaka 2023 kati ya Wajaluo na Wakipsigis yalipotulia hapa Sondu, magari ya polisi yaliondoka, na kamera zikaondoka nayo. Sisi tulibaki na soko.

Soko letu liko mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, magharibi mwa Kenya. Omena na ngege, samaki wa Ziwa Victoria, hukutana na maziwa na viazi vya milimani, na wanawake wa Kijaluo na Wakipsigis wamekopeshana hapa miaka mingi bila karatasi. Mikopo hiyo ndiyo iliyoumia zaidi, na sijaona ikitajwa popote. Kibanda hujengwa upya kwa mabati. Lakini yule mama aliyekuwa akiniachia maziwa nimlipe jioni sasa anataka pesa mkononi, na mimi simlaumu, maana hata mimi nikisikia pikipiki zikivuma pamoja huanza kufunika samaki.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inatambua ushauri nasaha na fidia. Naomba viongozi wa kaunti zote mbili watuletee washauri hapa hapa sokoni, siku ya soko, wanaosema Kijaluo na Kikipsigis. Na wakiitisha vikao vya amani, wasiishie kwa wazee na machifu. Wawaite wachuuzi na vijana wa bodaboda, maana uvumi hupita kwao kwanza.

Mchuuzi wa samaki,
Sondu