Rabi aliyesema mantiki kwanza

Mhariri, naomba kanafasi. Kuna hii hoja ya watu wa dini kwamba ukisoma sana falsafa utapotea, na mimi kila nikiisikia namkumbuka Musa bin Maymun, yule rabi (mwalimu wa dini ya Kiyahudi) ambaye Wazungu wanamwita Maimonides. Kazaliwa Cordoba, Hispania, karne ya 12, Waalmohadi, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini waliowabana wasio Waislamu, walipouteka mji mwaka 1148 familia yake ikaanza kuhamahama, Fez, Palestina, mwisho wakatulia Fustat kule Misri.

Huyu mzee kwenye mantiki, yaani elimu ya kufikiri kwa hoja, alimkubali Al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu, wala hakuficha, alimwandikia kabisa mtafsiri wake kwamba vitabu vya mantiki asihangaike na vya wengine, vya Al-Farabi vinatosha. Na mwanafunzi wake Yosefu alipokuwa na haraka ya kuingia kwenye mafumbo ya Mungu akamtuliza, hesabu kwanza, elimu ya nyota, mantiki, ndo tufike huko. Yosefu huyohuyo ndo kaandikiwa Dalalat al-Ha'irin, yaani Mwongozo wa Waliotatizika, kitabu cha Kiarabu kwa herufi za Kiebrania.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kukaa kivulini anawaza tu. Wapi! Mdogo wake David, mfanyabiashara, alizama Bahari ya Hindi na mali yote, yeye akalala kitandani anaumwa karibu mwaka mzima. Kula kwa mgongo wa Taurati alikuwa hataki hata kusikia, akawa daktari. Kwenye barua kwa huyo mtafsiri anasema kila asubuhi yupo kwa sultani Cairo, anarudi mchana njaa inamuuma anakuta nyumba imejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, mpaka mahakimu, anashuka kwenye mnyama wake, ananawa, anawaomba wamvumilie ale kidogo, mlo wenyewe ndo huo mmoja kwa siku, halafu anatibu mpaka usiku, mara nyingine amelala chali kwa uchovu. Na bado sheria ya Kiyahudi yote kaipanga, vitabu 14! (Mimi kabarua haka tu kamenishinda wiki nzima.)

Kafariki 1204, na miaka ya 1230 marabi wengine kusini mwa Ufaransa wakapiga marufuku falsafa yake. Hawakuweza kumfuta, Wayahudi mpaka leo wanasema toka Musa (yule nabii) hadi Musa (huyu wetu) hajatokea kama Musa.

Kwa hiyo Mhariri, ukurasa wa dini utuwekee na watu wa aina hii. Mkimaliza huyu kuna Levi ben Gershon, Mfaransa wa karne ya 14, alipima nyota na kuchambua vitabu vya Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu.

Msomaji wenu