Mama naye aulizwe kliniki

Mhariri,

Wiki ya sita baada ya kujifungua, mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, kadi hujazwa. Mama aliyembeba haulizwi kama mkojo humtoka akikohoa au akiinua ndoo. Naye hasemi, kwa aibu, na kwa kuwa ameambiwa ndiyo uzazi huo. Anajifunga kanga mbili, anaacha kwenda hata msibani.

Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, hulegea kwa mimba na uzazi, na wengi hupata nafuu kwa mazoezi: kaza kama unayezuia mkojo, hesabu hadi 5, legeza, rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Wauguzi wayafundishe palepale kwenye mabenchi ya chanjo. Anayevuja usiku na mchana apelekwe hospitali haraka. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibika.

Msomaji wako,
Tanga