Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Njoo usiku, watu wakiwa wamelala

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo.

Mdogo wangu amerudi nyumbani tangu mwaka jana kutoka gerezani, alikokuwa mahabusu, na mpaka leo analala ubavu mmoja. Nilimnunulia godoro la futi tano, na chumbani yuko peke yake. Hata hivyo anajibana ukutani, magoti ameyakunja, mkono chini ya shingo, na hageuki mpaka kunakucha. Aliyewahi kulala mchongoma ataelewa. Kwa asiyejua, mahabusu hupangwa sakafuni ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kugeuka ni kwa pamoja, nyapara, yaani mwenzao aliyewekwa kuwasimamia, akishatoa amri.

Alilala hivyo miaka miwili na miezi saba. Kesi ilikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kisheria halina dhamana. Kila baada ya wiki mbili karandinga lilimpeleka mahakamani, akaambiwa upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Mwisho mashtaka yakafutwa. Hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kupanda kizimbani.

Gereza silitaji, wala sikuandika ili askari fulani ahamishwe. Nataka uone jinsi msongamano na mwenendo wa askari vinavyokwenda pamoja, maana kila nikisikia viongozi wakivizungumzia, kimoja kinapewa bajeti ya ujenzi na kingine kinapewa karipio kwenye gwaride.

Pale ndani, nafasi ya kulala ilikuwa inauzwa. Sehemu ya karibu na dirisha ilikuwa na bei yake, na sehemu ya karibu na choo ndiyo ya asiye na kitu. Aliyegawa ni nyapara, naye hakugawa kwa akili yake mwenyewe; nyuma yake alikuwepo askari. Wiki ya kwanza nilipigiwa simu na namba nisiyoijua, nikaambiwa nitume elfu ishirini "ya mkeka". Nilituma. Mwezi uliofuata tena. Ningefanyaje, Mheshimiwa? Mama yetu alikuwa anauliza kila siku kama mtoto anapata usingizi. Kama chumba kingekuwa na watu kinaostahili kuwabeba, kusingekuwa na cha kuuza, na yule askari angebaki na mshahara wake kama wenzake.

Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa kupewa madaraka ya kinidhamu juu ya wenzake. Nyapara ni nani basi? Askari wakiwa wachache na watu wakiwa wengi, nyapara ndiye anayeendesha usiku.

Getini nako. Siku moja mama, miaka sitini na minane, alivuliwa nguo zote kwenye chumba kisicho na pazia, kisa amebeba ugali na dagaa. Alivaa tena, akampa mwanawe chakula, akacheka naye kama kawaida. Kwenye daladala akaniambia hatarudi. Hakurudi. Kanuni ya 60 ya kanuni hizo hizo inasema upekuzi wa wageni usidhalilishe. Upekuzi wenyewe sina ugomvi nao, kwa kuwa vitu vya hatari huingia kweli.

Niwe mkweli: palikuwa na askari mwingine wa kike, mama mtu mzima, aliyekuwa akipekua kwa heshima na kutwambia "poleni na safari". Foleni yake haikuwa ndefu kuliko za wenzake. Kazi ileile, gereza lilelile.

Sasa hesabu. Kwa miaka mingi uwezo rasmi wa magereza yetu ulikuwa haufiki watu 30,000, na waliokuwemo walizidi hapo. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo, na hapo tulishukuru. Lakini msamaha ni wa aliyehukumiwa. Mahabusu haumgusi, kwa sababu hana hatia ya kusamehewa. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, jambo jema kabisa, ila makosa makubwa yakaachwa nje. Na humo ndimo yalimo yasiyo na dhamana. Mdogo wangu alinasa hapo katikati.

Wastani wa taifa usikudanganye pia. Gereza la kilimo mkoani linaweza kuwa na nafasi huku la mahabusu la mjini likiwa limefurika. Naomba wizara itangaze kila mwezi, gereza kwa gereza, nafasi zilizopo, watu waliomo, wangapi ni mahabusu, na nani amekaa zaidi ya mwaka bila kesi kuanza kusikilizwa. Ubandike karatasi hiyo getini. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Mwizi wa kuku afagie soko badala ya kumbana mwenzake sakafuni. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kukagua magereza. Iachwe iingie bila kupiga hodi, iongee na mahabusu bila askari kusimama pembeni.

Julai 2019 Rais Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, na kuwasikiliza watu waliokuwa ndani. Ilikuwa mchana. Viongozi wote huja mchana, uwanja umefagiliwa, watu wamepangwa kwa mistari, kila mmoja ana hatua yake ya kukaa.

Wewe njoo saa saba usiku, Mheshimiwa. Usitoe taarifa. Waambie wafungue mlango wa seli moja tu ya mahabusu, usimame pale hadi nyapara aseme "geuka", kisha uhesabu.

Dada wa aliyekuwa mahabusu,
Dar es Salaam