Ukomo wa mishahara hautamzuia mchezaji kuondoka Tabora

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie hoja inayorudi kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Hapa Tabora imekolea zaidi tangu Offen Chikola alipohamia Yanga mwaka 2025. Mashabiki wengi bado wana donge rohoni, na sababu wanayo: mchezaji aliyewafunga Yanga mabao mawili pale Chamazi Novemba 2024, Tabora United ikishinda 3-1, msimu uliofuata akaonekana na jezi ya haohao aliowafunga. Kwenye vijiwe vya kahawa, kuanzia stesheni hadi Isevya, utasikia pendekezo moja tu. TFF, shirikisho letu la soka, iweke ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho klabu haruhusiwi kukivuka, kama Marekani, ili Simba, Yanga na Azam wasiweze kumchukua kila anayeng'ara mikoani.

Nia ni njema, lakini pendekezo lenyewe halimgusi mchezaji wa aina ya Chikola hata kidogo.

Tuanze na hao Wamarekani, maana wanatajwa sana kuliko wanavyosomwa. Ligi yao, MLS, ilianza kucheza mwaka 1996 ikiwa ni kampuni moja na wenye klabu ni wabia ndani yake. Mchezaji hasaini na klabu, anasaini na ligi. Hapo ndipo ligi inapopata ubavu wa kuamua nani alipwe kiasi gani, kwa sababu mwajiri ni yeye. Mwaka 2025 kila klabu ilipewa bajeti ya mishahara ya dola milioni 5.95 kwa wachezaji wasiozidi 20 wa kikosi cha juu, na wale wa nafasi ya 21 hadi 30 hawaingii kwenye hesabu hiyo. Mchezaji mmoja hawezi kuhesabiwa zaidi ya dola 743,750.

Sasa angalia mlango wa nyuma. Mwaka 2007, David Beckham alipokwenda LA Galaxy, ligi ilitunga kanuni ya mchezaji maalumu ambaye klabu inaweza kumlipa kiasi chochote, ila kwenye hesabu ya ukomo anasomeka kwa kiwango cha juu tu. Leo klabu inaruhusiwa hadi watatu wa namna hiyo. Lionel Messi wa Inter Miami, kwa takwimu za chama cha wachezaji za mwaka 2024, alikuwa na malipo ya uhakika ya zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Kwenye daftari la ukomo anaonekana kama mtu wa laki saba na ushee za dola. Tofauti yote anaibeba mmiliki. Juu ya hapo kuna fedha za mgao, yaani za ziada zinazotolewa na ligi, ambazo klabu huzitumia kupunguza namba inayosomeka kwa wachezaji wengine. Kwa hiyo hata huko mwenye pesa hajafungwa mikono, amewekewa idadi ya mara anazoruhusiwa kuzimwaga.

Na bado watu wanachomoka. Mei 2021 MLS iliipiga Inter Miami faini ya dola milioni 2 na kuikata zaidi ya dola milioni 2.2 za fedha za mgao, baada ya kubaini kwamba malipo ya Blaise Matuidi na wenzake kadhaa hayakuandikwa yote. Hiyo ni ligi yenye wakaguzi, wanasheria na mikataba yote kwenye kabati moja. Hapa kwetu kabati hilo liko wapi?

Fedha ya mchezaji wa Ligi Kuu yetu haiji kwa njia ya mshahara peke yake. Kuna dau la usajili analopewa akisaini, posho ya kambi, bonasi ya ushindi, pango la nyumba, kamisheni ya wakala, na ahadi za wadau ambazo hutolewa uwanjani mbele ya kamera na hazionekani kwenye mkataba wowote. Tuseme mchezaji amepewa dau la Sh milioni 60 kwa mkataba wa miaka miwili, mshahara Sh milioni 2 kwa mwezi na nyumba ya Sh 300,000. Ukihesabu mshahara peke yake, gharama yake kwa mwaka ni Sh milioni 24. Ukiligawa dau kwa miaka miwili na kuongeza nyumba, ni Sh milioni 57.6, zaidi ya mara mbili. Weka ukomo kwenye mshahara, na siku ya pili klabu kubwa itahamishia kila kitu kwenye dau. Weka ukomo kwenye vyote viwili, mdhamini atamfanya mchezaji kuwa balozi wa bidhaa zake na kumlipa huko.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Tabora na Kigoma tunapaswa kuliona haraka kuliko wengine. Majirani zetu wa Kigoma wana Mashujaa, timu ya jeshi. Ligi ina JKT Tanzania na Prisons pia. Na timu yetu wenyewe, iliyokuwa Kitayosce, ikawa Tabora United, sasa inaitwa TRA United, kwa jina la mamlaka ya mapato. Mchezaji aliyeajiriwa na taasisi analipwa na mwajiri wake, anapata likizo na michango ya uzeeni. Je, hayo yahesabiwe kwenye ukomo wa klabu? Ukisema ndiyo, utakuwa unafungua mafaili ya utumishi. Ukisema hapana, timu za taasisi zitakuwa na mchezaji maalumu wa bure, na Coastal Union, wasio na taasisi ya kuwalipia wachezaji, watauliza kosa lao ni nini.

Tusisahau pia kwamba ukomo hufunga mlango wa ndani tu. Uingereza waliweka kiwango cha juu cha mshahara kuanzia mwaka 1901, pauni 4 kwa wiki, na hadi kinafutwa Januari 1961 kilikuwa kimefika pauni 20. Katikati hapo John Charles aliondoka Leeds mwaka 1957 kwenda Juventus. Hispania nayo, ligi huipa kila klabu kiwango chake kulingana na mapato na madeni. Agosti 2021 kanuni hiyo ndiyo iliyomtoa Messi Barcelona, ingawa klabu na mchezaji wote walitaka abaki. Simba walimpoteza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane mwaka huohuo wa 2021. Yanga wamewapoteza Fiston Mayele kwa Pyramids na Aziz Ki kwa Wydad. Kama vigogo wa Dar es Salaam wasio na ukomo hawawezi kushindana na Cairo na Casablanca, ukomo utawaongezea safari tu.

Kinachoamua mchezaji aondoke lini na kwa bei gani ni mkataba, na hapa ndipo klabu zetu za mikoani zinapopigwa bao bila kujua. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Klabu zetu, kwa kuogopa kubeba mshahara, zinapenda mwaka mmoja au miwili. Mchezaji anayesaini miaka miwili Julai 2025 anamaliza 30 Juni 2027. Lakini miezi sita ya mwisho yuko huru kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, maana yake kuanzia 1 Januari 2027. Dirisha dogo la msimu huo wa pili linakuwa nafasi ya mwisho ya kumuuza, na mnunuzi analijua hilo kuliko wewe. Akikupa Sh milioni 10 mchezaji akiwa na thamani ya 80, huna cha kujibu. Julai anakuja kumchukua bure.

Kwa hiyo mazungumzo ya kuongeza mkataba yanapaswa kufanyika mwisho wa msimu wa kwanza, ikibaki miezi 12 kamili. Unampandishia mshahara, unaongeza mwaka mmoja au miwili, na dau la nyongeza unaligawa kwa awamu. Kuna viongozi wanaopenda kuweka kipengele kinachoipa klabu haki ya kuongeza mwaka peke yake bila ridhaa ya mchezaji. Wasikitegemee sana. Vyombo vya FIFA hukitazama kwa jicho kali, hasa kama mwaka wa nyongeza hauji na mshahara bora.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kuchelewesha mishahara. Klabu ikidaiwa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaandika barua ya kuidai na kuipa siku 15. Zikipita bila kulipwa, ana haki ya kuvunja mkataba na bado akaidai fidia. Hapo huuzi tena, unadaiwa. Ukishindwa kulipa fidia hiyo unafungiwa usajili, hadi madirisha matatu. Mashabiki tunalalamika kwamba Dar wametuibia mchezaji, kumbe ofisi yetu ndiyo iliyomfungulia geti.

Kipengele cha kununua mkataba, kinachotaja fedha ya kulipwa ili mchezaji aondoke kabla ya muda, nacho kiandikwe kwa akili. Sakata la Feisal Salum linatosha kufundisha. Desemba 2022 aliilipa Yanga Sh milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akidhani amemaliza. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na alikwenda Azam Juni baada ya klabu kukubaliana. Miezi sita ya mpira ilipotea kwa sababu pande mbili zilikuwa zikisoma karatasi moja kwa macho mawili. Mkataba useme bayana: nani anaruhusiwa kukitumia kipengele, katika dirisha lipi, fedha iingie akaunti ipi na kwa siku ngapi, na kama ni mkupuo au awamu.

Kuna fedha nyingine ambayo klabu ndogo huiacha mezani, nayo ni asilimia ya mauzo yajayo. Tuseme umemuuza kijana kwenda Dar kwa Sh milioni 80 na kuandikiana asilimia 15. Baada ya miaka miwili anauzwa nje kwa milioni 300. Kama mliandika asilimia 15 ya mauzo, unapata milioni 45. Kama mliandika ya faida, ni asilimia 15 ya milioni 220, yaani milioni 33. Tofauti ya milioni 12 inatokana na neno moja lililosahaulika. Andikeni pia kwamba mkopo wa kulipia na kubadilishana wachezaji vinahesabika, la sivyo mtaambiwa hakukuwa na mauzo.

Mchango wa mshikamano wa FIFA, yaani fungu la klabu zilizomlea mchezaji, hauhitaji hata makubaliano. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kwa fedha, asilimia 5 hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 ya bei kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16. Kijana aliyekaa na klabu ya hapa misimu minne, kuanzia miaka 16 hadi 19, akiuzwa kwa dola 200,000, klabu hiyo inastahili dola 4,000. Kwa Sh 2,500 kwa dola ni milioni 10, fedha ya mipira, jezi na nauli za treni kwa timu ya vijana. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo maalumu cha FIFA, ambacho husoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa. Na hapo ndipo tunapokwama. Kijana aliyelelewa kwenye timu ya mtaa isiyosajiliwa chama cha wilaya, au aliyeonekana kwenye michezo ya sekondari ya UMISSETA tu, hana msimu unaosomeka. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana kwenye fomu mbili, madai yanasimama. Tena mchango huu haupo mchezaji anapotoka Tabora kwenda Dar, kwa kuwa klabu zote ni za Tanzania. Hapo utapata ulichoandika mwenyewe kwenye mkataba.

Nikiulizwa kanuni ya fedha inayofaa kuigwa, nitaitaja ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, inayozuia gharama ya kikosi isizidi asilimia 70 ya mapato kuanzia msimu wa 2025/26. Lakini tusijidanganye kwamba italeta usawa. Mkataba wa Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu, wa mwaka 2021, ni Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hata ungegawiwa sawasawa kwa klabu 16, na haugawiwi hivyo, ni takribani bilioni 1.4 kwa klabu kwa mwaka. Asilimia 70 ya hiyo haifiki bilioni moja. Mwenye mapato ya bilioni 20 ataruhusiwa 14. Faida ya kanuni hiyo kwetu ni moja tu, kuizuia klabu isisajili watu isioweza kuwalipa. Hilo si dogo kwa mji ulioshuhudia timu yake ikianza Ligi Kuu Agosti 2023 dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane kwa matatizo ya usajili, na mchezo kuvunjwa ikiwa nyuma 4-0 baada ya kubaki sita, wakati sheria inataka wasipungue saba.

Kwa hiyo wenzangu wa jukwaani, kabla hatujaandika mabango ya ukomo wa mishahara, viongozi wakituita kwenye kikao kijacho tuwaulize: ni wachezaji wangapi mikataba yao inaisha Juni, na wangapi kati yao wameshaitwa mezani?

Mdau wa soka,
Isevya, Tabora