Malalamiko kuhusu priampu ya ala za akustika isiyopokea besi ya udi

Langoni,
Lamu.
16 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: PRIAMPU YENYE IKWALAIZA ILIYOUZWA KWA MAELEZO YASIYO YA KWELI

Ninaandika kulalamikia priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha besi na sauti kali) niliyoinunua katika duka lenu la Mombasa tarehe 3 Agosti 2024 kwa shilingi 38,500. Boksi lake limeandikwa kwamba ni ya ala za akustika zenye pikapu ya piezo, yaani kinasa mtetemo kinachobandikwa kwenye ala, na kwamba mlango wake wa kuingizia sauti una impidansi, yaani ukinzani kwa umeme wa sauti, ya megaomu 10. Kifaa hicho hakina impidansi hiyo wala hakiikaribii, na kwa sababu hiyo hakiwezi kufanya kazi niliyokinunulia. Nimewapigia simu mara mbili, na mara zote mbili nikapewa majibu ambayo, kwa heshima zote, hayakuigusa kasoro yenyewe. Nimeona basi niyaandike yote kwa urefu, ili asiwepo mtu wa idara yenu atakayesema hakuelewa mteja analalamikia nini.

Mimi ni mpiga udi, na ndiye ninayetunza vyombo vya kikundi chetu cha taarabu. Harusi zetu za Lamu hupigwa uani au kwenye barabara nyembamba za mtaa, spika zikiwa hatua chache tu kutoka kwa wapigaji, na pembeni ya udi kuna dumbaki na tari. Ukiuwekea udi maikrofoni mahali kama hapo, maikrofoni inaokota dumbaki na tari kuliko udi wenyewe, na ukipandisha sauti kidogo spika zinaanza kupiga mluzi. Kwa hiyo nimebandika pikapu ya piezo ndani ya udi wangu, chini ya ubao wa uso, pale nyuzi zinapofungwa. Pikapu ya namna hiyo hutoa umeme mdogo kila ubao unapotetema, na umeme huo hauna nguvu ya kuusukuma mlango wenye ukinzani mdogo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya priampu, kabla ya kukuza chochote na kabla ya ikwalaiza kuguswa: kuipokea pikapu kwa mlango wenye impidansi kubwa ili sauti iingie nzima. Neno «megaomu 10» lililo kwenye boksi lenu ndilo lililonifanya nitoe pesa, na muuzaji wenu aliniona nikilisoma mara mbili kabla sijalipa.

Kifaa kilinifikia kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua, kikiwa ndani ya boksi lake na plastiki yake haijachanwa. Nilikijaribu nyumbani kwa spika ndogo, nikaona sauti ni nyembamba, nikadhani spika ndiyo ndogo. Kosa hilo nalikubali kuwa langu.

Tarehe 24 Agosti tulikuwa na harusi. Nilifungua kwa taksimu, yaani udi peke yake bila wimbo, kama ilivyo desturi yetu, nikaanzia nyuzi nene. Nilichokisikia kutoka kwenye spika kilikuwa mkwaruzo wa risha, kile kipigio cha nyuzi, juu ya uzi, mkavu kama kucha juu ya bati, bila tumbo la udi nyuma yake. Nyuzi nyembamba zilisikika kali kupita kiasi, na ule uzi tunaoutega kwenye noti ya la ya chini, wa mitetemo 110 kwa sekunde, ulikuwa kama haupo. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani mbele yetu aliniuliza kwa upole, «Mwanangu, udi umeuacha nyumbani?» Udi ulikuwa mikononi mwangu. Mji huu ndio uliomzaa marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mashuhuri wa taarabu, na wazee waliokuwa wameketi pale wanaijua sauti ya udi tangu utoto wao. Hawakuhitaji kuelezwa kwamba kuna kitu kimepungua. Nilipandisha sauti nikitafuta besi, spika zikapiga mluzi mkali hadi watoto wakaziba masikio, nikashusha tena. Mwishowe tuliichomoa priampu yenu, tukasimamisha maikrofoni moja mbele ya udi, na mpiga tari akakaa kimya nyimbo tatu nzima ili udi usikike. Tuliwarudishia wenye harusi shilingi 5,000 kwa hiari yetu. Siwadai ninyi fedha hizo. Nimelitaja jambo hili ili mjue kwamba kasoro ya namba moja iliyoandikwa kwenye boksi ilifika hadi kwenye furaha ya familia nzima.

Nilipopiga simu mara ya kwanza, tarehe 26 Agosti, niliambiwa kwamba kifaa ni kizima na kwamba besi inapatikana kwa kuizungusha ikwalaiza. Jibu hilo lilinisumbua kuliko kasoro yenyewe, kwa sababu lilinionyesha kwamba idara yenu haitofautishi kazi ya priampu na kazi ya ikwalaiza. Ikwalaiza hugawa upya sauti iliyokwisha kuingia. Inaweza kupunguza ukali wa risha, kuushika mvumo mmoja unaosumbua ukumbi na kuubana, au kunenepesha kidogo sehemu iliyokonda. Kwa kazi hizo ni chombo cha thamani, nami siwezi kufanya harusi bila hicho. Lakini sauti iliyopotea mlangoni haiijui.

Naomba mnifuate hapa kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha shauri. Pikapu yangu ilipimwa ikaonekana kuwa na uwezo wa kuhifadhi umeme wa takriban nanofaradi 1. Pikapu kama hiyo ikikutana na mlango wa megaomu 10, upungufu wa sauti huanza chini ya mitetemo 16 kwa sekunde, ambako udi hauna noti yoyote. Ikikutana na mlango wa megaomu 1, upungufu huanza kwenye mitetemo 159, na uzi wangu wa la hupungua kwa desibeli 5 hivi. Hizo ikwalaiza inaweza kuzirudisha bila taabu. Ikikutana na mlango wa kiloomu 47 (megaomu moja ni kiloomu 1,000), ambao ndio wa kifaa chenu kama nitakavyoonyesha, upungufu huanza huko juu kwenye mitetemo 3,400, na uzi huo huo hupungua kwa desibeli 30, yaani hubaki na takriban sehemu moja ya thelathini ya umeme wake. Kitufe cha besi cha kifaa chenu, kikizungushwa hadi mwisho, huongeza desibeli 12 tu. Bado zinabaki desibeli 18 ambazo hazina wa kuzirudisha. Tena kitufe hicho hakichagui: kinapokuza besi iliyobaki mara nne, kinakuza pia mvumo wa umeme wa mitetemo 50 unaoingia ndani ya kifaa chenyewe, ambao haukupungua pamoja na udi. Niliufuata ushauri wenu hatua kwa hatua siku ile ile mliponipa, na hayo ndiyo niliyoyasikia.

Sikutaka kuwashutumu kwa kusikiliza peke yake. Nilikipeleka kifaa kwa fundi wa redio wa mtaa wa Mkomani, ambaye ana mita nzuri na subira. Hatukufungua hata skrubu moja, na mtakapokipokea mtaona vibandiko vyenu vya dhamana viko kama mlivyoviweka. Fundi alichomeka simu yenye programu ya kutoa mlio wa mitetemo 200, akaupitisha mlio huo kwenye kizuizi cha kuzungusha cha kiloomu 100, kisha ndani ya priampu, na akaiweka mita kwenye mlango wa kutolea. Kizuizi kikiwa sifuri, mita ilisoma milivolti 400. Akakizungusha polepole, sote wawili tukiitazama mita, hadi iliposhuka kufikia milivolti 200, nusu kamili. Akakichomoa kizuizi bila kukitikisa, akakipima peke yake: kiloomu 46. Mlango unaopoteza nusu ya umeme kwa kizuizi cha kiloomu 46 ndio wenyewe una kiloomu 46. Tulirudia jaribio mara tatu, na matokeo hayakubadilika. Kisha tukaazima priampu ya zamani ya mpiga fidla wetu, iliyoandikwa megaomu 1, tukaipima kwa njia hiyo hiyo kwa kizuizi kikubwa zaidi, nayo ikatoa kile kile kilichoandikwa juu yake. Nilipochomeka udi wangu kwenye priampu hiyo kuukuu, bila kubadilisha waya wala spika, uzi wa la ulirudi.

Tarehe 2 Septemba niliwapigia tena na kuyaeleza hayo. Safari hii niliambiwa kwamba huenda chumvi ya pwani imekila kifaa, na kwamba dhamana haihusu kutu. Najua chumvi inavyoharibu vyombo. Nimezika jeki na waya wengi kwa sababu yake, na kila chombo changu hulala kwenye sanduku lenye pakiti za kunyonya unyevu. Kutu huleta mkwaruzo, hukata sauti na kuirudisha, na kipimo chake leo si cha kesho. Hapa hapana mkwaruzo, na kipimo hakiyumbi. Aidha, mpiga fidla mmoja wa Malindi alinunua kwenu kifaa cha aina hii hii mwezi Julai. Nilimwomba akipime kwa njia niliyoieleza, akapata kiloomu 47. Fundi yeyote anaijua namba hiyo, kwa maana ni moja ya vipimo vya kawaida vya vizuizi vinavyouzwa dukani, vyenye mistari ya njano, zambarau na chungwa, na kizuizi cha aina hiyo huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Chumvi haiwezi kula vifaa viwili katika miji miwili, miezi miwili tofauti, ikaviacha vyote kwenye namba ile ile ya kiwandani. Kwa maoni yangu, mlango wa kifaa hiki uliundwa kwa ajili ya vyombo kama kinanda cha umeme, ambavyo huridhika kabisa na kiloomu 47, kisha kikatiwa kwenye boksi linalozungumzia piezo. Sisemi kwamba mlifanya hivyo kwa makusudi. Nasema kwamba namba ya boksini si ya kifaa kilichomo ndani.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na habari anazozihitaji ili anufaike nayo. Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa namba moja tu, na hiyo moja haikuwa ya kweli.

Ninaomba basi mnirudishie shilingi 38,500 nilizolipa, pamoja na shilingi 1,200 nilizotumia kukileta kifaa Lamu, na mgharimie kukirudisha kwenu. Kifaa kingine cha aina hiyo hiyo sikitaki hadi mtakapokipima mbele ya mnunuzi. Ombi la pili nalisisitiza zaidi ya fedha: pimeni vifaa vilivyobaki dukani kwa njia niliyoieleza, ambayo haihitaji zaidi ya simu, mita na kizuizi cha kuzungusha, na ikionekana vyote viko hivyo, badilisheni maandishi ya boksi na muwaarifu waliokwisha kununua. Miongoni mwao bila shaka wapo wapigaji wa udi, fidla na kanuni wanaozungusha ikwalaiza usiku hadi usiku, wakiamini kwamba vidole vyao ndivyo vilivyopungukiwa au kwamba udi wa baba yao umechoka. Mwenzangu wa Malindi alikuwa amekwisha kumwita seremala aibandue pikapu ya fidla yake na kuibandika upya, na ubao wa fidla ile ni mkongwe. Ni simu yangu tu iliyomzuia.

Natarajia jibu lenu la maandishi katika muda wa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kama mtapenda kumtuma fundi wenu, nitampokea Mokowe mwenyewe, na jaribio tutalirudia mbele yake kwa udi ule ule na mita ile ile.

Nimeambatisha nakala ya risiti yenye jina langu na nambari ya simu, picha za boksi na za vibandiko vya dhamana, karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi na fundi, na rekodi mbili za sauti: udi kupitia priampu yenu, na udi ule ule kupitia priampu ya megaomu 1. Naomba mzisikilize kwa spika kubwa, si kwa simu, mkianza na ile ya kwenu.

Wako mwaminifu,

Mpiga udi na mtunza vyombo wa kikundi