Kwa vijana mliotoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na cheti cha kidato cha nne mnachokificha

Wanangu,

Mkataba wa kujitolea umeisha, begi la kijani liko nyuma ya mlango, na jina lako halikusomwa kati ya waliochukuliwa jeshini, polisi wala magereza. Najua mnavyokaa na simu mkononi, kila ikilia moyo unaruka. Enzi zangu simu za mkononi hazikuwapo. Nilikwenda posta kila Ijumaa, miezi saba, kuuliza kama kuna barua yangu.

Nilitoka kambi ya JKT Mafinga mwaka 1988 na kifua kipana na daraja la nne. Cheti nilikichomeka ndani ya Biblia ya mama, nikiulizwa nasema kimepotea. Nina hakika wengi wenu hamjayatazama matokeo yenu tangu siku yalipotoka.

Yatoeni leo. Hesabuni D zenu, masomo ya dini wekeni pembeni. Zikifika nne, vyuo vingi vya cheti vitakupokea, ingawa wa afya watataka kuona Kemia na Biolojia humo humo. Anayetaka kidato cha tano anahitaji C tatu, basi arudie masomo ya tahasusi anayoitaka, yaani yale atakayoyasoma kidato cha tano. Kulipia masomo yote saba upya kwa sababu ya hasira ni kutupa hela. Halafu D ni alama 30 hadi 44, na C huanzia 45. Cheti hakikuambii wewe uliishia wapi. Huenda ulikosa alama moja tu. Mimi Hisabati niliirudia mara mbili, ikanishinda, nikaiacha. Nimefundisha Jiografia miaka 28 na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wenye D mbili, au sifuri kabisa: mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea upo kila Novemba, lakini usajili hufanyika mapema, mwanzoni mwa mwaka huo huo, wakati nyie bado mnasikilizia ajira. Hapo ndipo mwaka mzima unapotea. Na kama kambini ulishika mwiko ukajenga, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kurasimisha ujuzi wake. Ulizeni.

Sasa la nidhamu, maana hapa nilijidanganya vibaya. Nilidhani mtu aliyekimbia mchakamchaka saa kumi alfajiri na kukesha lindoni mvua ikimnyeshea hawezi kushindwa na kitabu. Nilishindwa wiki ya pili. Kambini filimbi anapuliza mwingine, na ukichelewa kombania nzima inaruka kichura. Nyumbani mama anakuonea huruma: mwacheni alale, katoka jeshini huyo.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa operesheni moja, yaani kundi moja la mafunzo kambini, aliyekuwa akiuza mkaa mtaa wa pili. Saa kumi na moja alfajiri anagonga dirisha langu kwa kipande cha nondo, na asipokuja namfuata mimi. Tulisoma Historia kwa koroboi hadi kunapambazuka, kisha yeye anakwenda kufungua gunia la kwanza, vidole vyeusi vimebaki kwenye daftari langu. Daftari hilo ninalo. Tafuteni wa kuwagongea dirisha, na awe mtu asiyewaonea huruma.

Aibu ya kukaa na watoto sitawaficha, ipo. Siku yangu ya kwanza darasa la jioni niliingia nimevaa shati la mikono mirefu, nywele bado za kambi. Darasa zima likasimama: "Shikamoo mwalimu!" Sikujua la kufanya, nikaitikia marahaba, nikapita katikati yao hadi dawati la nyuma, nikakaa. Walicheka mpaka mwalimu mwenyewe alipoingia. Kesho yake nilirudi kwenye dawati lile lile, na safari hii hakusimama mtu.

Mzee wenu,
kuruta wa zamani wa Mafinga