Sabasaba ya 1916 nayo iandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie orodha ya matukio ya tarehe 7 Julai mliyoichapa siku ya Sabasaba. Nimeisoma mara mbili nikiwa nyumbani kwangu Raskazone, na mara zote mbili nimeikosa habari moja ambayo mtu wa Tanga hawezi kuiacha ipite bila kuuliza.

Yaliyotajwa yote yalistahili. Mwaka 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kiligeuzwa kuwa TANU, na Mwalimu Julius Nyerere akawa rais wake. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, na ingawa wao wenyewe walikamatwa kabla ya siku kufika, wananchi walijitokeza. Mwaka 2000 Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kufanya kazi. Kilichoachwa ni kwamba tarehe hiyohiyo, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yaliingia Tanga.

Ili uzito wa siku hiyo ueleweke, sharti turudi nyuma hadi Novemba 1914, Waingereza walipoleta hapa kwa meli kikosi cha watu wapatao elfu nane kutoka India chini ya Jenerali Aitken, wakiamini kwamba mji utaangukia mikononi mwao kwa urahisi. Manowari yao ilitanguliza onyo la kuutaka mji usalimu amri, na muda uliopotea katika maelezano hayo ukamtosha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala hapa wakati huo, kuteremsha askari wake kwa garimoshi kutoka Moshi. Tarehe 4 Novemba, watu wapatao elfu moja, wengi wao Waafrika, waliwarudisha wavamizi pwani. Nyuki waliotibuliwa na milio ya risasi waliwauma wa pande zote mbili, na ile hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi haina ushahidi. Siku iliyofuata Waingereza walipanda meli zao, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi mno. Walipokuja tena, miezi ishirini baadaye, walikuwa wameshaishika reli ya Usambara, na mji waliupata bila upinzani mkubwa.

Kwa hiyo 7 Julai 1916 ndiyo siku utawala wa Mwingereza ulipoingia katika mji huu, na 7 Julai 1954 ndiyo siku kilipozaliwa chama kilichokuja kumwondoa. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka thelathini na minane kamili. Sidai kwamba waasisi wa TANU waliikumbuka Tanga walipokutana, wala sioni haja ya kuzusha dai la namna hiyo, kwa sababu kukutana kwa tarehe hizi ni sadfa. Hata wazee wetu waliohesabu siku kwa mwezi mwandamo wasingeziona kuwa siku moja: ile ya 1916 ilikuwa Ijumaa katika kumi la kwanza la Ramadhani, na ile ya 1954 ilikuwa Jumatano mwanzoni mwa Mfungo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Lakini gazeti likishaamua kuyapanga matukio kwa tarehe ya kizungu, basi liyapange yote yanayotuhusu, hasa pale moja linapomsaidia msomaji kulielewa jingine.

Zaidi ya hayo, si kila tukio katika orodha yenu ni la sadfa. Mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ilikuwa na sababu, nayo ni kwamba TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Orodha yenu imeiweka habari hiyo chini kabisa, mbali na TANU, bila neno la kuziunganisha, na kijana anayesoma atadhani kwamba zimekutana vivi hivi tu. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na ninajua jinsi mwanafunzi anavyokariri tarehe pasipo kujua kwa nini aliambiwa aikariri. Hilo linaniuma kuliko hata kuachwa kwa Tanga.

Kwa heshima, ninaomba mambo mawili kwa Sabasaba ijayo. Kwanza, habari ya Siku ya Kiswahili iandikwe pamoja na ya TANU, na sababu yake itajwe. Pili, uongezwe mstari mmoja juu ya ule wa 1954, useme kwamba Waingereza waliingia Tanga tarehe 7 Julai 1916, baada ya kushindwa papa hapa Novemba 1914.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Raskazone, Tanga